Naomba Kula Zenu

"Ludia!"

Rula ya mbao ilitua kwenye meza ya kukatia, paa! Chaki ikaruka, pini zikamwagika sakafuni. Namba Moja hakushtuka. Alikuwa amesimama kati ya cherehani na rundo la sketi za shule, mikono nyuma, kidevu juu, vilevile baba yake alivyomweka. Jumapili mchana wote, wenzake wako nje wanapigana picha, yeye yuko hapa na sentensi moja.

"Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba kura zenu."

"Umekosea."

"Nimekosea wapi, Baba?"

"Ulimi umetetemeka. Nimeuona kwa macho yangu haya."

Na kweli, Fundi hakuwa akisikiliza. Alikuwa akitazama. Ameinama, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, macho yote kwenye kinywa cha binti yake kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Masikio yake hayakuwa na msaada hapo. Watu wao, hao ambao mji mzima uliwaita Wakuja ingawa babu zao wamezikwa hapohapo mjini, lugha yao haina la na ra. Ina sauti moja tu, ipo katikati, si hii wala si ile. Mtu aliyekulia humo, umwambie "lala", umwambie "rara", kwake umesema kitu kilekile mara mbili.

Alichojua Fundi alikijua kwa kuchekwa. Alipofungua duka aliandikisha ubao mkubwa wa bluu, SURUARI NA SKETI, akasimama chini yake na shati jipya. Watu walikuja, tena wengi! Wakapiga picha, wakaondoka. Watoto wa shule wakawa wanapita makusudi: "Fundi, suruari zipo? Fundi, tushonee suruari ya kurara!" Ikabidi amwite mchoraji afute. Tangu hapo akajitungia sheria yake na hakuna aliyeweza kumtoa humo: kila penye ra, weka la. Ulimi ukitetemeka, hiyo ni ya nyumbani, hiyo ni aibu. Ulimi ukitulia nyuma ya meno, hiyo ni ya wenye mji.

"Suluali," alisema sasa, akikunja vidole kimoja kimoja. "Kulala. Shule. Mwalimu. Zote la. Halafu wewe unataka kusimama mbele ya watoto wa watu na kitu kinachotetemeka?"

"Baba, kura ni kura. Kula ni kula chakula. Ni maneno mawili."

"Mawili yako wapi? Hapo umesema neno moja mala mbili! Unanifanya mimi mjinga?"

Pazia lililotenganisha duka na chumba likasogea, Mama akatoa kichwa. Alikuwa na siku moja tu ya kupumzika kazi yake ya dobi, na hata hiyo alikuwa ameshika pasi.

"Mwache mtoto are kwanza, jamani. Tangu asubuhi amesimama hapo."

Mama naye alikuwa upande wa pili kabisa. Huko dobi, kwenye mvuke na mashuka ya hoteli, hakuna aliyemtaka aongee, kwa hiyo hakujisumbua: kwake kila kitu ra. Baba la tupu, Mama ra tupu, na katikati yao huyu mtoto, mwenye zote mbili, kila moja mahali pake, bila hata kufikiria. Lugha ya nyumbani yenyewe Fundi aliipiga marufuku siku mtoto alipozaliwa. Wazazi waliitumia kugombana na kunong'ona tu. Namba Moja alijua sauti yake kama unavyojua sauti ya jirani nyuma ya ukuta. Hakujua hata neno moja.

"Atakula akimaliza," Fundi alisema. "Kilanja mkuu wa kwanza kutoka kwetu! Unaelewa maana yake? Nimeshawaambia watu. Mjomba wake ameshaweka picha kwenye glupu la ukoo. Sasa akishindwa nitasema nini, nilikuwa natania?"

Mama akarudisha kichwa.

Huyu ni mtoto ambaye akikosea herufi moja anachana ukurasa mzima, anaanza upya. Aliwahi kushika nafasi ya pili, mara moja, na likizo ile nzima baba yake alimwita Namba Mbili. Namba Mbili, lete maji. Namba Mbili, fagia hivyo vitambaa. Mbele ya wateja. Wateja waliona ni utani mzuri, wakaudaka, na yeye alicheka nao. Ndipo alipoanza kung'oa nyusi zake, unywele mmoja mmoja, akiwa anasoma. Hizi alizo nazo sasa amezichora kwa penseli, na amezichora vizuri sana, zote mbili sawasawa.

"Ludia."

"Naomba ku..."

Rula ikagusa vidole vyake. Si kwa nguvu. Kwa kukumbusha.

"Naomba kula zenu," alisema.

Fundi akainama, akachungulia. Ulimi umetulia.

"Safi! Tena, na tabasamu."

"Naomba kula zenu."

"Tena!"

Namba Moja alijiambia kimoyomoyo: hii ni ya kwake, nampa aridhike, kesho nitasema yangu. Jua likahama kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye mlango na bado alikuwa anampa.

*

Wagombea wa ukiranja mkuu walikuwa wawili. Wa kwanza kusimama alikuwa mtoto wa Bucha, kijana mnene mchangamfu ambaye hakuandaa kitu chochote. "Jamani, mimi mnanijua," alisema. "Nikishinda, foleni ya chooni itakuwa fupi. Nikishindwa, baba ana nyama, sitalia." Wakamshangilia kama kawaida, akarudi kukaa akijipepea kwa daftari la mwenzake.

Namba Moja akapanda jukwaani bila karatasi. Alianza kwa heshima kwa mwalimu mkuu, walimu, wafanyakazi wa jikoni, na kila ra ilikuwa ra na kila la ilikuwa la, mpaka mwalimu wa lugha akamgusa mwenzake: "Huyu ni Mkuja kweli? Hebu sikiliza." Alizungumzia vitabu vya maktaba, alizungumzia wanaonyanyaswa bwenini. Watu wakanyamaza. Yaani walinyamaza ule ukimya wa kusikiliza. Kwa muda ule, jamani, alikuwa ameshashinda.

Halafu akamwona baba yake.

Fundi alikuja kuleta sketi. Ndivyo alivyomwambia mlinzi wa getini, na sketi alikuwa nazo kweli, fungu zima begani. Alisimama nyuma kabisa, tepu shingoni, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaisema hotuba pamoja naye, neno kwa neno, na alipofika kwenye ile sentensi akatoa ulimi kidogo, akauweka nyuma ya meno, akautuliza, kumwonyesha.

Namba Moja alikuwa na maneno mawili mdomoni na ghafla hakujua lipi ni lipi. Mguu wa mtu ukianza kujiuliza ngazi iko wapi, hapo ndipo mtu anapoanguka.

"Kwa hiyo, ndugu zangu," alisema, "naomba kula zenu."

Kisha sauti moja kutoka safu ya nyuma: "Mpeni sahani!"

Ukumbi ukalipuka.

"Samahani," alisema Namba Moja. "Nilimaanisha naomba kula... hapana... naomba ku... ku... ku..."

"Kuku hatuna!" mtu akajibu. "Labda wali mkavu!"

Hapo hata mwalimu mkuu alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Vijana wakaanza kulia kama majogoo. "Wakuja wana njaa! Si tulisema walikuja kula? Leo wamekiri wenyewe!" Simu zikatoka mifukoni, zile ambazo haziruhusiwi, na hakuna mwalimu aliyekumbuka kuwa haziruhusiwi.

Na Fundi? Fundi alikuwa anapiga makofi. Aliweka sketi chini, apige vizuri kwa mikono miwili. Alimgeukia mlinzi, machozi yanamlenga.

"Unaona wanavyofulahi?" alisema. "Huyo ni wangu."

*

Kesho yake, kabla ya kipindi cha kwanza, dawati la Namba Moja lilikuwa limeandaliwa. Ganda la ndizi. Mfupa wa mchuzi wa jana. Kipande cha mkate kilichoumwa. Katikati, kijiko, na leso ya karatasi imekunjwa pembe nne kama ya hotelini.

"Karibu mezani," alisema mtoto wa Bucha. Hakuwa kijana mbaya. Aliona tu kwamba ni mzaha mzuri na wote wako ndani yake.

Namba Moja akakusanya kila kitu akakitia kwenye pipa. Akafuta dawati. Akalifuta tena. Mwalimu aliingia akamkuta bado anafuta.

"Unatafuta makombo?" mwalimu aliuliza, na darasa likacheka upya.

Kura zilihesabiwa mchana ule kwa sauti, mbele ya wote, ili kusiwe na malalamiko. Mwalimu wa zamu alikuwa mtu wa vichekesho. "Hii ni ya mtoto wa Bucha. Hii pia. Hii imechorwa sahani, imeharibika. Hii kijiko, imeharibika. Hii, lo, huyu kachora kuku mzima na manyoya yake, huyu ana kipaji, ajitokeze." Namba Moja alikaa mstari wa mbele, magoti pamoja, akisubiri mpaka karatasi ya mwisho, kwa sababu kuondoka kabla ya mwisho kungekuwa kukosa adabu.

Waliomchagua kwa dhati walitosha kukaa kwenye benchi moja.

*

Fundi aliambiwa na mama mwenye nyumba, aliyekuja kujaribu gauni lake. Alisimama mbele ya kioo, nusu amevaa nusu amepigwa pini, akacheka peke yake.

"Fundi, yule binti yako ametupa raha mjini. Huko kwenye grupu letu ameshakuwa stika."

"Stika?"

Akampa simu. Kwenye kioo kidogo, Namba Moja amesimama, sahani imebandikwa mkononi mwake, na chini maandishi. Akabonyeza na video. Fundi akaitazama mara ya kwanza. Akaitazama tena, akiisogeza karibu na uso, akitafuta ulimi, lakini picha ilikuwa ya mbali na mdomo wa mtoto ulikuwa kivuli tu.

"Lakini amesema vizuli," alisema. "Naomba kula zenu. Wanacheka nini?"

Mama mwenye nyumba akageuka, pini zikamchoma, hakujali. "Fundi. Kasema anaomba kula."

"Ndiyo. Kula."

"Badala ya kura!"

"Ndiyo, kula. Si ndiyo wanayopiga?"

"Kula, Fundi! Anaomba *kula*!"

"Ndiyo, mama, kula! Tunasema kitu kimoja!"

Mama mwenye nyumba alikaa kwenye kiti cha wateja akalia kwa kicheko. Akajifuta macho kwa mkono wa gauni ambao bado haujashonwa. "Ngoja, ngoja nirekodi hii, hawataniamini." Alipochoka, akaona uso wa Fundi umebaki vilevile, akamhurumia kidogo, akamfanyia kwa mikono kama unavyofanya kwa kiziwi. Akakunja karatasi hewani akaitumbukiza kwenye sanduku lisilokuwepo: hii. Kisha akapeleka vidole mdomoni, akatafuna: na hii.

Fundi alimtazama akitafuna. Simu ilikuwa bado mkononi mwake. Polepole ikamwingia. Hakusikia tofauti yoyote, wala hakuwahi kuisikia mpaka leo, lakini aliona yule mwanamke anachotafuna. Aliona rula yake mwenyewe juu ya meza.

Alimaliza kumpiga pini zote. Alimsindikiza mpaka mlangoni. Halafu akalivuta pazia.

Namba Moja alikuwa kitandani na sare ya shule, ameketi wima.

"Ulijua?" Fundi aliuliza.

Namba Moja alinyoosha sketi juu ya magoti.

"Nakuuliza. Jumapili, hapa, ulijua kwamba mimi sijui?"

"Ndiyo, Baba."

"Sasa kwa nini hukunibishia?" Sauti ikapanda. "Mtoto mwenye akili angenibishia! Angesimama akasema, Baba, hapo hapana! Nimekupeleka shule ya nini, uje kunitii kama mbuzi? Umekaa kimya makusudi, ili siku ikifika unipake matope mbele ya mji!"

"Samahani, Baba."

"Samahani." Akacheka kicheko kibaya. "Haya. Keti hapo na samahani yako, Namba Sufuli."

*

Hakuna aliyegundua mara moja, maana tangu zamani Namba Moja hakuwa muongeaji. Mama ndiye aliyeanza kuona kitu.

"Umeshinda sarama, mama?"

"Ndiyo."

"Una nini? Homa?"

"Kichwa kinauma."

"Nikupe chakura?"

"Sitaki, Mama. Naomba maji."

Majibu yalikuja, ila yalikuja kwa kuchelewa, na kabla hayajaja ungemwona macho yamekwenda pembeni kama mtu anayechagua mchele. Na kuchagua ndiko alikokuwa anafanya. Namba Moja alikuwa ameamua kitu kimoja, bila kumwambia mtu: hatatamka tena neno lenye la, wala neno lenye ra. Hata moja. Usipoigusa huwezi kuikosea.

Jaribu wewe uone kinachobaki. Shule ilikwenda. Mwalimu, darasa, rafiki, habari, vikaenda. Hakuweza kumwambia mtu nimelia wala nimelala. Jina lake halisi, lile la kwenye cheti, lilikuwa na la katikati, kwa hiyo akaacha kulitaja. Na kibaya zaidi, yaliyopita hayasemeki. Nilisema. Nilianguka. Walinicheka. Kila unapotaka kueleza kilichokupata, ile la imekaa mlangoni inakungoja. Alibaki na sasa na kesho, na kesho hakuitaka.

Mwanzoni darasani alijitahidi. Akiitwa alisema "Nipo." Akiulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa safi, alijibu, na alijibu sawa. Likija jibu lenye uchafu, alisimama kimya, analijua, linamchoma, anatazama ubao. Mwalimu wa lugha, yuleyule aliyemsifia, akamwekea sufuri ya mazungumzo.

"Una dharau siku hizi," alimwambia. "Kwa sababu umeshindwa uchaguzi? Nyie watu mkipewa kidogo mnataka chote."

"Hapana," alisema Namba Moja, na akaketi.

Mezani ndiko kulikokuwa kugumu. Mama alitoka dobi amelowa jasho, ngozi ya mikono imejikunja kwa mvuke, akapika, akapakua, akamsogezea sahani. Na mama wa watu alisema neno moja tu ambalo mama yeyote angelisema, kwa mdomo aliozaliwa nao.

"Kura, mama. Kura, mwanangu."

Namba Moja akaweka kijiko chini.

"Kura basi kidogo tu. Kwa ajiri yangu. Kura."

"Nyamaza wewe!" Fundi akapiga meza. "Ni kula! Mwambie kula!"

"Si ndiyo ninavyosema? Kura!"

Walibishana juu ya sahani ile mpaka chakula kikapoa, la huku, ra huku, na mtoto katikati anageuza shingo kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Alinyanyuka akaenda kutapika, ingawa hakukuwa na cha kutapika. Baada ya siku ile hata yale maneno machache yaliyobaki aliyaacha. Hata ndiyo. Hata hapana.

"Kibuli," Fundi aliwaambia wateja waliouliza. "Ni kibuli tu. Kitaisha."

Kwa mdomo alisema hivyo. Lakini alikuwa ameficha rula nyuma ya marobota ya vitambaa, na alikuwa anapima nguo kwa macho. Alikosea mikono ya mashati matatu mfululizo, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Na mchana, duka likiwa tupu, alisimama mbele ya kioo cha wateja, akafungua mdomo, akautazama ulimi wake. "Kula," alisema. "Kula. Ku... kula." Aliusukuma kwa kidole utetemeke. Haukutetemeka.

Namba Moja alidondoka asubuhi moja kwenye mstari wa shule, taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye hanga. Sketi aliyovaa ilikuwa ya mkono wa baba yake, ameshaipunguza kiuno mara mbili bila kuuliza kwa nini.

*

Kliniki ilikuwa na dirisha moja na foleni moja. Fundi alimshika binti yake mkono, mkono mwepesi, vifundo tu, mpaka wakafika mbele.

"Habali za asubuhi. Namtafuta daktali."

Dada wa dirishani hakuinua macho. "Nani?"

"Daktali."

"Daktali hatuna. Tuna daktari." Mwenzake aliyekuwa akipanga mafaili akaguna kwa kicheko. "Mgonjwa ana tatizo gani?"

"Hali. Hasemi. Halali."

"Halali au haramu?" alisema yule wa mafaili, na foleni nzima ikacheka, hata mwenye mguu uliovunjika. Fundi akacheka pia. Hayo ndiyo aliyoyazoea: ukicheka pamoja nao inaisha upesi. Namba Moja aliitazama sakafu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, amechoka, ana kalamu mbili mfukoni. Huyu hakucheka. Alimpima mtoto, akakunja uso, akavuta kiti karibu.

"Mdogo wangu, hujambo? Niambie unajisikiaje."

"Anajisikia vizuli," Fundi alijibu. "Ni namba moja huyu, daktali, tangu chekechea. Ana akili kupita kiasi. Kuna jambo dogo lilitokea shuleni, akalichukulia..."

"Nimemuuliza yeye, mzee."

"Ndiyo. Jibu, mwanangu. Simama wima. Jibu vizuli."

Namba Moja akasimama. Mikono nyuma. Kidevu juu.

"Kaa tu," daktari alisema kwa upole. Lakini mtoto alibaki amesimama. Penseli ya nyusi ilikuwa imefutika kwa jasho upande mmoja, na uso ule, bila unyusi, ulionekana kama umeshangaa kitu tangu zamani. "Sina haraka," daktari akasema. "Chochote kile. Hata neno moja."

Macho ya Namba Moja yakaenda pembeni, yakachagua. Yalikaa huko muda mrefu. Fundi alishika kiti kwa mikono miwili, akainama, akamtazama mdomo.

"Nimechoka kuishi," alisema Namba Moja.

Ilitoka wazi, kila sauti mahali pake. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti.

"Safi!" alisema. "Daktali, umesikia? Amesema! Hakuna kosa hata moja! Kama ledio!" Alitaka kumkumbatia binti yake, akambana vibaya, tepu ikanaswa kwenye kola. "Sema tena, mwanangu. Sema tena daktali asikie."

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. Alisimama, akapita katikati yao, akamshika Namba Moja begani kwa mkono mmoja na kwa mwingine akafungua mlango.

"Mzee, nenda nje."

"Nisubili hapo?"

"Nje. Sasa hivi. Na umwite mama yake."

Fundi alitoka akitabasamu. Hakuona ubaya. Mtoto akifaulu huwa anabaki na walimu. Akapita foleni, akapita dirisha, akawapungia hata wale wadada, akasimama kwenye ngazi juani akapiga simu dobi. Iliita sana. Mama alipopokea, nyuma yake mashine zilikuwa zinaunguruma.

"Amesema!" Fundi alipiga kelele. "Mtoto amesema!"

"Nini?"

"Amesema! Maneno mawili, safi kabisa!"

"Sisikii, mashine!" Mama alipaza sauti, na katika kelele ile, kwa haraka yake ya furaha, akahamia lugha ya nyumbani, ile iliyokatazwa. "Niambie kikwetu! Amesema nini?"

Fundi naye akafungua mdomo kikwetu. Huko hakukuwa na ulimi wa kuangalia. Hakuna la, hakuna ra, hakuna kinachotetemeka wala kinachotulia. Kulikuwa na maneno tu, yale ya mama yake na ya utoto wake wote, na kila moja lilikuwa na maana yake na hakuna lingine ndani yake.

"Amesema amechoka," alianza.

Neno la pili likapanda mpaka kooni, akalisikia.

"Amechoka?" Mama alicheka, akashusha pumzi, mtu anayetua mzigo. "Atapumzika basi, si ameanza kusema? Namshukuru Mungu. Hebu malizia. Amechoka na nini?"

Fundi aligeuka. Ndani, mwisho wa korido, mlango wa daktari ulikuwa umefungwa, na yule dada wa dirishani alikuwa anaukimbilia.

"Baba Namba? Upo? Amechoka na nini?"